E ya Kwenu Ndiyo F ya Hapa

Flashi zote za Likasi zina jina moja. Asiyeamini aje siku yoyote kwenye kiofisi changu cha Kikula, ninakochapa barua, kutoa fotokopi na kupanga kazi za wanafunzi. Chomeka ya kwanza, kompyuta inakwambia "Disque amovible". Chomeka ya pili, "Disque amovible". Ya tatu ni ya mkurugenzi wa shule, mtu mzima mwenye tai na kalamu mbili mfukoni, nayo ni "Disque amovible". Diski kubwa za nje ndizo zimekosa haya kabisa. Sisi huku tunatumia Windows ya Kifaransa, na fundi anayefomati diski hasomi anachoulizwa. Anabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, na diski inatoka imeitwa "Nouveau nom". Yaani Jina Jipya. Nina rafu nzima ya Majina Mapya, na hakuna hata moja linaloniambia ndani mna nini.

Sijasema watu waite diski zao majina ya mashujaa. Nataka tu mtu akiniletea kitu, kitu hicho kiweze kujitambulisha.

Maana jina likikosekana, watu wanakimbilia herufi, na herufi ndiyo inayonitoa jasho. Mwanafunzi anaingia anahema. Kesho ni siku ya kutetea kazi yake ya kumaliza masomo, TFC kama wanavyoiita, na profesa anataka nakala zilizojalidiwa.

"Papa, TFC yangu iko mu E."

"E ya wapi?"

"E ya kwetu ku nyumba."

"E ya kwenu ku nyumba njo F ya hapa."

Ananitazama kwa jicho la mtu aliyetukaniwa ukoo. "Papa, fungua tu E, utaiona." Nafungua E nimridhishe. Ndani mna picha za ubatizo: watoto wamevaa nyeupe, padri ameinama, kuna shangazi amefumba macho katika kila picha. Ile E ni flashi ya mama mmoja wa kwaya aliyeniachia asubuhi akaenda zake sokoni. Kijana anashika kichwa kwa mikono miwili: "Papa, TFC yangu imepotea! Miaka mitatu yote!" Haijapotea. Iko F, imetulia, inasubiri mwenyewe aache kupiga kelele.

Basi nieleze mara moja, ili nisirudie tena mpaka nizeeke. Windows inagawa herufi kama konda wa basi anavyogawa viti: anayeingia anakaa kwenye cha kwanza kilicho wazi. C amekaa mwenye basi, ile diski ya ndani. D mara nyingi ni sehemu nyingine ya diski hiyo hiyo, au kisomea CD. Flashi inayopanda kwanza inapewa E, inayofuata F, inayofuata G. Ukishuka, kiti chako si chako tena. Kumbukumbu ipo kidogo, kwa sababu diski iliyowahi kukaa E kwenye mashini hii itajaribu kurudishwa E, lakini ikikuta mgeni keshakaa, inasogezwa mbele. Na kumbukumbu hiyo ni ya mashini hii peke yake. Mashini ya jirani haijui lolote kuhusu mazoea yako.

Na A na B je? Swali hilo huulizwa na kila kijana anayejiona mwerevu. A na B ni viti vya disketi, vile vipande vya plastiki vya mraba ambavyo watoto wa leo wakivionyeshwa wanadhani mtu amechonga sanamu ya kitufe cha kuhifadhi. Mpango huu wa herufi ulikuwepo kwenye CP/M, mfumo wa miaka ya 1970, ukarithiwa na MS-DOS mwaka 1981 pamoja na kompyuta ya IBM PC. Wakati huo kompyuta zilikuwa na kisomea disketi kimoja au viwili, diski ngumu ilikuja baadaye ikakuta A na B zimeshachukuliwa, ikakaa C. Disketi zilikufa zamani, tukazizika. Hadi leo Windows haimpi mgeni yeyote A wala B yenyewe bila kuamriwa. Wazungu wanatuambia sisi ndio tunaoheshimu mizimu.

Hasara ya mchezo huu wa viti si kelele tu. Nina diski ya akiba inayobeba nakala za kazi zote za ofisi, na programu ya kunakili imeambiwa: kila jioni, peleka kila kitu E. Programu hiyo ni mtumishi mtiifu, haiulizi E ya leo ni nani. Diski yangu ikichomolewa kidogo, flashi ya mama wa kwaya ikapanda E, jioni ikifika mtumishi anaimwagia flashi hiyo barua za talaka, madai ya mishahara na maombi ya kazi ya nusu ya Kikula, mpaka ijae. Kesho yake mama anarudi amekunja uso: "Papa, flash yangu imejaa. Uliweka nini mule?" Utamjibu nini? Kwamba sasa anatembea na siri za mtaa ndani ya mkoba, zimefungwa kwa uzi mwekundu pamoja na ufunguo wa nyumba?

Ingekuwa mji mwingine, ningesema watu hawajazoea mambo ya majina. Lakini Likasi! Sisi ndio tungefundisha dunia. Mji huu ulipewa jina la Jean Jadot, mhandisi wa Kibelgiji aliyekuwa mwenyekiti wa Union Minière, ukaitwa Jadotville. Mwaka 1966 tukaamka ukaitwa Likasi. Jimbo lilikuwa Katanga, likawa Shaba enzi za Mobutu, likarudi kuwa Katanga mwaka 1997, likakatwakatwa mwaka 2015, tukaangukia Haut-Katanga. Nchi nayo ilikuwa Congo Belge, ikawa Kongo, ikawa Zaire mwaka 1971, ikawa Kongo tena. Mama mkwe wangu amezaliwa Jadotville, ameolewa Likasi, amezaa Shaba, amepata wajukuu Katanga, na sasa anazeekea Haut-Katanga. Hajahama hata nyumba. Ukimwambia kwamba diski iliyokuwa E leo ni F lakini vitu vya ndani ni vile vile, anaelewa hapo hapo bila mchoro. Mwanafunzi wa chuo kikuu haelewi.

Sasa hebu mtu aamue kuipa flashi yake jina la heshima. Hapo anakutana na sheria. Flashi nyingi zimefomatiwa kwa FAT32, na FAT32 inakubali herufi 11 tu, nafasi zikihesabiwa. Inageuza zote kuwa kubwa, haitaki nukta, haitaki mkato, haitaki alama ya kuuliza. Kwa watu wenye majina kama yetu, hilo ni tusi. Haut-Katanga lina alama 12 ukihesabu kistari, kwa hiyo jimbo zima halienei kwenye flashi. Léopoldville lisingeenea, Stanleyville lisingeenea, Élisabethville ndilo kabisa. Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi yanaenea vizuri. Waliobadilisha majina ya miji mwaka 1966 walikuwa na sababu zao za siasa, lakini walitusaidia sana upande wa flashi.

Rais mwenyewe asingepona. Mwaka 1972, wakati wa kurudia uasilia, tulipoamriwa kuacha majina ya Kikristo, alijiita Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa za Banga. Uliandike hilo kwenye flashi ya FAT32: linakatika kwenye MOBUTU SESE, alama 11 kamili. Ukisema basi utumie diski kubwa ya NTFS, inayokubali alama 32, utafika "Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa", na hapo nafasi imekwisha. Wa nani? Wa wapi? Diski haisemi. Mimi nimehesabu kwa vidole, nawe hesabu.

Mdogo wangu anasema shida zote hizi ni za Windows, na kwamba dawa yake ni Linux. Aliweka Ubuntu kwenye mashini yangu ya zamani, ile iliyokuwa imechoka, akasimama pembeni amefunga mikono kifuani. "Yaya, huku hakuna herufi." Kweli hakuna. Huku flashi ikichomekwa inafungukia kwenye folda ya media, chini ya jina la mtumiaji, kwa jina lake yenyewe. Uzuri huo unadumu mpaka ije flashi isiyo na jina, yaani kila flashi ya Likasi. Hapo mfumo unatumia namba ya utambulisho ambayo diski hupewa siku inapofomatiwa. Kwa flashi ya FAT ni alama nane zenye kistari katikati. Namwita mama wa kwaya: "Mama, flashi yako ni 5C3A-91F0?" Anauliza kama hiyo ni namba ya simu ya padri.

Zikija mbili zenye jina moja, ya pili inaongezewa tarakimu. Kwaya mbili zimeniletea flashi mbili zinazoitwa KWAYA, basi moja inakuwa KWAYA na nyingine KWAYA1. Nani ni 1? Aliyechelewa kuchomekwa. Kesho wakibadilishana zamu ya kufika, wanabadilishana na majina, na nyimbo za Pasaka za hawa zinakwenda kwenye CD za wale.

Mdogo wangu akasema hilo dogo, diski yangu ya akiba ataiandikisha rasmi kwenye faili moja linaloitwa fstab, daftari ambalo Linux husoma kila inapoamka ili ijue diski gani ifunguliwe wapi. Akaiandika kwa jina la sdb1. Lakini sdb nalo ni jina la foleni tu: diski ya kwanza kuonekana ni sda, ya pili sdb, ya tatu sdc. Ukiwasha mashini huku flashi ya mteja imechomekwa, foleni inageuka. Tukarudi pale pale, E na F zikiwa zimevaa nguo nyingine. Akafuta, akaandika ile namba ya utambulisho, na safari hii ikawa sawa. Diski ikawa haijali imechomekwa tundu gani wala imetanguliwa na nani.

Furaha ilikoma asubuhi niliyoacha diski nyumbani. Nawasha mashini, wateja wamejipanga, mmoja ana basi la Lubumbashi linalomngoja. Mashini inatafuta diski. Inasubiri sekunde 90, inahesabu mbele ya macho ya watu, kisha inakata tamaa na kunifungulia kioo cheusi chenye maandishi meupe, ikisema imeingia hali ya dharura. Dharura gani? Diski ya akiba iko kabatini, haina homa. Kumbe katika ule mstari palitakiwa neno moja, nofail, la kuiambia mashini: asipokuwepo huyu, endelea na kazi. Neno moja hilo mdogo wangu aliliacha kwa sababu, anasema, aliyemfundisha hakulitaja. Wataalamu ndivyo walivyo. Watakujengea nyumba ya ghorofa wakusahaulie ngazi.

Na bado hatujafika kwa wezi wa majina. Kuna virusi ambavyo kila mwenye ofisi kama yangu anavijua. Vikiingia kwenye flashi vinaficha kila kilichomo, kisha vinaacha njia ya mkato moja tu, imevaa jina la flashi yenyewe. Mteja anafungua flashi, anakuta ndani yake flashi nyingine yenye jina lile lile, anaibonyeza kwa moyo mweupe, na kirusi kinapanda kwenye mashini kusubiri flashi inayofuata. Faili hazijafa, zimefichwa tu, mara nyingi ndani ya folda ambayo jina lake ni nafasi tupu. Namwambia mteja: "Jina lako limeibwa." Ananijibu kwamba flashi yake ni mpya, aliinunua sokoni juzi.

Kuna mwingine ambaye hataki kusikia habari ya kuiaga flashi kabla ya kuichomoa. Ukimwonyesha kile kialama pembeni chini ya kioo, anasema huko ni kupoteza muda. Anaing'oa huku faili bado zinaandikwa. Akirudi anasema kompyuta yangu imeharibu flashi yake, kwa sababu sasa ikichomekwa inatangaza kwamba ni lazima ifomatiwe kabla ya kutumika. Na wenye kubonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo wanabonyeza ndiyo. Umeme nao una tabia zake, unaweza kuichomoa diski bila kumuuliza mtu, lakini umeme angalau haurudi kesho kudai fidia.

Kinachoniuma zaidi ni vitu vizuri vinavyooza ndani ya Majina Mapya. Mteja mmoja aliniachia diski "Nouveau nom", ndani yake folda "Nouveau dossier", ndani ya hiyo "Nouveau dossier (2)", na ndani kabisa faili "Piste 01". Alitaka nifute vyote apate nafasi ya filamu. Nikafungua Piste 01 kwanza. Gitaa likaanza, vidole viwili vikifanya kazi ya watu watatu: Mwenda Jean Bosco, mtu ambaye Hugh Tracey, mtafiti wa muziki, alimrekodi mwaka 1952 hapa hapa, wakati mji ukiitwa Jadotville, na ambaye gitaa lake lilisikika mpaka Nairobi. Mtoto wa Bunkeya, fahari ya mji huu, alibakiza bonyezo moja afutwe ili kupisha watu wanaorushiana risasi. Kosa lake ni nini? Kuitwa Piste 01.

Kwa hiyo wenzangu wa Likasi, wa Kambove, wa Kolwezi, na wewe uliye mbali unayecheka kana kwamba flashi yako ina jina, nisikilizeni. Herufi ni mahali pa kukaa kwa siku ile, na haijawahi kuwa jina la mtu. Jina analitoa mwenye mali, na liseme kilichomo na ni cha nani. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya diski, chagua kubadilisha jina, andika. Herufi 11 zinatosha kwa mtu asiye rais: KWAYA PANDA ni 11, HARUSI 2019 ni 11. Kisha chukua sparadrapu na kalamu ya wino, uandike jina lile lile juu ya flashi, kwa sababu kuna siku itaokotwa na mtu ambaye hana kompyuta.

Wenye diski za akiba kwenye Windows, ingieni kwenye usimamizi wa diski, muipe diski yenu herufi ya mbali, R au T, ambako wageni hawafiki. Mashini ile itaikumbuka. Au muifungulie kwenye folda tupu ndani ya diski ya NTFS, herufi isihusike kabisa. Wa Linux, andikeni namba ya utambulisho kwenye fstab, na nofail msiisahau. Na kabla ya kuchomoa, agana nayo kwanza. Hakuna aliyewahi kufa kwa kuaga.

Kuanzia mwezi huu nimebandika tangazo mlangoni. Flashi zenye majina zinahudumiwa kwanza. Za "Disque amovible" na "Nouveau nom" zitasubiri kwenye benchi, na zikiwa nyingi, zitapangwa kwa herufi.